Zilipendwa na Nani?

Desemba iliyopita nilipata kazi ya siku moja mjini Jinja. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na mto alikuwa akiandaa tafrija ya mchapalo ya watu sitini hivi, akataka muziki wa saa nne: jazi ya zamani na muziki wa launji, "vitu vya kutuliza, vya miaka ya sitini na sabini". Jioni yenyewe aliipa jina la Jinja ya Kale. Malipo yalikuwa shilingi 150,000 na chakula. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili anayedaiwa kodi ya chumba, hiyo si kazi ya kukataa, nami sikuikataa. Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii lilinijia baadaye, nikiwa nimeshakula cha watu: je, orodha ya nyimbo inaweza kusema uongo?

Swali hili linaweza kuonekana la kipuuzi. Uongo husemwa kwa sentensi, na orodha haina sentensi. Haidai kitu. Kila wimbo niliouchagua uliimbwa kweli, na watu wa kweli, katika mwaka uleule ulioandikwa. Lakini shahidi naye anaweza kuapa mahakamani, akataja mambo kumi ya kweli, akaliacha la kumi na moja, na hakimu akamfunga mtu asiye na kosa. Hakuna sentensi moja ya shahidi yule unayoweza kuinyooshea kidole. Uongo wake umo katika alichokiacha.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu waliofundishwa falsafa na wasiowahi kupanga muziki wa watu hudhani ni kubonyeza tu. Saa nne ni nyimbo kama sitini na tano. Wageni wa kwanza wanapofika hakuna mtu anayetaka sauti ya mwimbaji, maana bado hawajapata wa kuzungumza naye na mwimbaji atawatia aibu. Kwa hiyo unaanza na piano, besi na brashi juu ya ngoma. Glasi ya pili ikishashuka unaweza kuingiza saksafoni. Saa ya tatu, wakati vicheko vimepanda, ndipo unaleta rumba, lakini si ya kuwafanya waache glasi wakacheze, maana mwenye nyumba hakukodi ukumbi wa dansi. Sauti ya spika iwe chini ya sauti ya mtu anayesimulia jambo. Na kamwe kusiwe na kimya kati ya wimbo na wimbo. Yule mama alilisisitiza hilo mara tatu. "Kimya kinawafanya watu waangalie saa," alisema.

Nilijaza nusu ya kwanza kwa Wamarekani. Nilimweka hata Martin Denny, ambaye wimbo wake wa "Quiet Village" ulivuma Marekani mwaka 1959, na ambao ndani yake wanabendi wenyewe wanaiga milio ya ndege na vyura. Nilicheka peke yangu nikiujaribu pale bustanini: ndege wa kuigiza wanalia ndani ya spika, huku kalooli wa kweli wamesimama juu ya paa la jirani wakitazama jiko letu kama wadai wa benki.

Nusu ya pili nilitaka iwe yetu. Hapa ndipo nilipojifunza jambo kuhusu santuri. Zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo bendi zetu za dansi zilikata wimbo mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Mara nyingi hadithi yote imo katika sehemu ya kwanza. Nani kamwacha nani, nani kafa, nani anadaiwa mahari. Katika sehemu ya pili magitaa yanaachiwa yatambe. Mpangaji wa muziki wa mchapalo anaona mara moja la kufanya: chukua sehemu ya pili, acha ya kwanza. Unapata utamu bila habari.

Nilifanya hivyo kwa nyimbo tisa. Zile ambazo hazikuwa na sehemu mbili nilizipima kwa sikio: kama magitaa yalikuwa laini, ziliingia. Ndivyo ulivyoingia wimbo wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band uitwao "Dr. Kleruu". Nilipoonjesha orodha, mwenye nyumba aliupenda, ingawa alilalamika kwamba hiyo si jazi. (Hapo alikuwa na hoja, na hakuwa nayo. Bendi ya Morogoro ilianzishwa mwaka 1944 na kujiita Jazz. Kutoka Tanga hadi Tabora hadi Léopoldville walikojiita OK Jazz mwaka 1956, neno hilo kwetu lilimaanisha vyombo vya kisasa na usiku wa mjini, si mtindo wa New Orleans. Jina likishatumiwa na watu wengi hivyo kwa muda mrefu hivyo, sijui ni nani mwenye mamlaka ya kuwanyang'anya.) Dkt. Wilbert Kleruu alikuwa mkuu wa mkoa wa Iringa. Alipigwa risasi na mkulima huko Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971, katika mvutano wa mashamba na ujamaa. Wimbo ule ni wa msiba. Mimi ninayesoma Kiswahili kwa ajili ya shahada niliuweka kati ya samosa na mishikaki.

Jioni ikafika. Taa ndogo zilitundikwa kwenye miembe, wahudumu walivaa tai nyekundu, mto ulikuwa ukipita chini yetu bila haraka. Saa ya tatu, magitaa ya Morogoro yakiwa hewani, mama mmoja wa miaka sabini hivi alikuja kwenye meza yangu. Sikumjua. Aliniamkia kwa Lusoga, nikamjibu kwa adabu niliyo nayo, akanigeukia kwa Kiingereza na kuniuliza kama ningeweza kutoa ile nyimbo. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kama sauti ilikuwa kubwa mno. Akasema hapana, si sauti. Ni lugha. Halafu, kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyotarajia, akasema polepole: "Mwanangu, kwetu, aliyekuja mlangoni usiku akisema Kiswahili hakuja kuimba."

Baba yake alichukuliwa mwaka 1977. Hakusema zaidi ya hayo, nami sikuwa na haki ya kuuliza.

Niliutoa wimbo. Nilirudisha piano ya Wamarekani na hakuna mtu aliyeona tofauti isipokuwa yule mama, aliyeniinamishia kichwa kutoka mbali, na mwenye nyumba, aliyenikunjia uso kwa sababu kulikuwa na sekunde nne za kimya.

Wenzangu wa Tanzania na Kenya watakaosoma insha hii huenda wasielewe jambo ambalo sisi wa Uganda tunalijua tangu utotoni. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na tunakifurahia. Mimi ninakila mkate wake. Lakini kwa wazee wengi hiki ni lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani. Jinja ilikuwa na kambi. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Idi Amin kabla ya kukimbia mwaka 1977, aliandika katika kitabu chake cha mwaka huohuo juu ya maiti zilizotupwa katika Nile na kuelea hadi kwenye bwawa la Owen Falls. Ni mto uleule tulioupangia viti viutazame. Na mitaa ile yenye majumba ya kupendeza, yenye majina na miaka iliyochongwa juu ya milango, ilijengwa na Wahindi ambao mwezi Agosti 1972 walipewa siku 90 za kuondoka. Hiyo ndiyo "miaka ya sabini" tuliyoialika kwenye mchapalo, tukaiambia ije na magitaa tu.

Sasa nirudi kwenye swali. Mtetezi wa kwanza wa orodha yangu atasema kwamba kosa, kama lipo, ni la muziki wa usuli kwa jumla: kuutumia wimbo kama kiti au pazia. Mfaransa Erik Satie alilifanya jambo hilo waziwazi mwaka 1920. Alitunga muziki aliouita wa samani, ukapigwa wakati wa mapumziko ya mchezo jijini Paris, na watu walipokaa kimya wasikilize aliwahimiza waendelee kuzungumza. Je, kosa ni kutosikiliza?

Sidhani. Mimi ni mtu wa Mbale. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili tunaona imbalu, na ngoma za kadodi zinapita barabarani na umati nyuma yake. Hakuna anayeisikiliza kadodi kama wanavyosikiliza watu wa Ulaya ukumbini, mikono magotini. Unaikimbilia. Unapiga kelele juu yake. Inafanya kazi: inambeba kijana kutoka nyumba kwa nyumba hadi kwenye kisu. Nyimbo za kutwanga, za kulea, za kupalilia, zote ni za kufanyia jambo jingine. Tukisema wimbo unadhulumiwa kila unapotumiwa bila kukaliwa kitako, tutakuwa tumewahukumu bibi zetu wote. Tofauti iko hapa: katika umati wa kadodi hakuna asiyejua ngoma ile inaelekea wapi. Mtoto wa miaka mitano anajua. Wanaruka na kucheka wakijua kwamba mwisho wa njia kuna damu. Kwenye bustani ya Jinja hakuna aliyejua, na mimi niliyekuwa na uwezo wa kujua nilihakikisha kwamba hawatajua.

Mtetezi wa pili ni mwenye nguvu zaidi, na kwa siku kadhaa alinishinda. Anasema: basi chukua nyimbo zisizo na hatia. Acha zetu, zenye makovu. Weka piano ya mbali. Nani ameumia kwa piano? Na ni kweli, nilipoirudisha, kila mtu alitulia. Lakini nilipokuwa nikifunga nyaya usiku ule niliipitia orodha yote, na katika sehemu ya Wamarekani nikaukuta wimbo wa Billie Holiday wa mwaka 1939, "Strange Fruit". Ulikuwa umepigwa saa ya pili. Nilikuwa nimeuchukua kwa sababu ni wa polepole. Unahusu watu weusi waliouawa na magenge na kutundikwa mitini kule kusini mwa Marekani. Alipokuwa akiuimba katika klabu ya Café Society, New York, ulikuwa wimbo wa mwisho. Taa zilizimwa ikabaki moja usoni pake, na wahudumu waliacha kabisa kuhudumia hadi amalize. Sisi tulihudumia. Nakumbuka vizuri kwa sababu ndipo yalipopita maini ya kuku.

Kwa hiyo piano ya mbali haikuwa haina hatia. Ilikuwa mbali tu. Wimbo wa Morogoro ulimuumiza mtu kwa sababu katika bustani ile kulikuwa na sikio moja linaloijua lugha yake na kilichokuja nayo. Wa Marekani haukumuumiza mtu kwa sababu sikio hilo halikuwapo. Kama angekuwapo mjukuu wa mmoja wa waliotundikwa, angekuja kwenye meza yangu yeye. Nami ningetoa wimbo, nikaweka mwingine wa mbali zaidi.

Nilikwenda Mbale kwa babu yangu. Zamani, kabla ya Amin, wakati mji wetu ukisifiwa kuwa msafi kuliko yote Afrika Mashariki, alikuwa mhudumu katika hoteli iliyokuwa na bendi siku za Jumamosi. Nilitaka anisaidie kuamua kama nimefanya vibaya, ingawa sikumwambia hivyo. Nilimpigia orodha kwenye simu, akaitegea sikio huku akimenya gonja. Nyingi alizitambua. Nikamuuliza kama wageni wa hoteli walikuwa wakisikiliza maneno.

"Wazungu hawakujua lugha. Wahindi walikuwa wanazungumza biashara," alisema. "Sisi tulikuwa tunahesabu glasi, maana ikivunjika unakatwa mshahara."

"Kwa hiyo hakuna aliyesikiliza?"

"Tulisikiliza jikoni. Bendi ikipumzika walikuja kula kwetu, si kwa wageni. Hapo unamuuliza yule mwimbaji: ule wimbo wa pili, yule mwanamke ni nani? Anakwambia. Mara nyingine anadanganya, lakini anakwambia." Kisha akaitazama simu yangu. "Hii yako haipumziki?"

Nimelitafakari swali hilo la babu kuliko vitabu vingi vya muhula huu. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo *Faidro*, Sokrate analalamikia maandishi: yanaonekana kama yana akili, lakini ukiyauliza kitu yanarudia neno lilelile. Hayawezi kujitetea, yanamhitaji baba yake ayasemee. Orodha ya nyimbo ni hivyo hivyo. Bendi inaweza kumpendeza mtu kwa wimbo wa msiba bila kusema uongo, kwa sababu bendi ipo. Inakula. Inaweza kuulizwa. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1979. Billie Holiday alikufa 1959. Waliobaki kuulizwa kuhusu nyimbo zao katika bustani ya Jinja walikuwa mimi na kompyuta, na kompyuta haijui. Nadhani uongo wa orodha uko hapo: katika mtu anayejiweka mahali pa mwimbaji bila kukubali kuulizwa kama mwimbaji. Kuchagua peke yake si kosa. Hakuna anayeweza kuweka kila kitu katika saa nne. Kosa ni kuchagua ukiwa umegeuza mgongo.

Mwalimu wetu wa isimu aliwahi kutueleza kwamba "zilipendwa", tunavyoziita nyimbo za kale, ni neno la ajabu. Kisarufi tungetarajia "zilizopendwa". Lakini lililopo ni sentensi kamili katika kauli ya kutendwa: zilipendwa, basi, nukta. Kauli ya kutendwa inaturuhusu kumficha mtenda. Zilipendwa na nani? Na alikuwa akifanya nini, wapi, siku ile alipozipenda? Neno halisemi, na uzuri wake wote kwenye matangazo ya redio unatokana na kutosema.

Nakiri kwamba hoja yangu haimtatui yule mama. Hata kama ningeujua wimbo wa Morogoro neno kwa neno, na kama ningesimama wima pale mezani nikiwa tayari kujibu, bado ungemfikia akiwa ameshika glasi, bila kuomba. Nilimweleza mwenzangu mmoja wa darasani, akasema basi Kiswahili kisipigwe mbele ya wazee. Siwezi kukubali, ni kukiachia kile kizuizi cha barabarani lugha nzima, na Mbaraka hakuwa na bunduki. Lakini pia siwezi kusema kwamba alikosea kuniomba nikitoe. Nilichoweza kumpa ni kutomuuliza zaidi na kutomwambia kwamba wimbo wenyewe ulikuwa wa maombolezo. Sijui kama la pili lilikuwa jema. Huenda angependa kujua kwamba na wao huko walikuwa wakilia.

Februari nilipata kazi nyingine, Mbale, mchapalo wa watu thelathini kwa mzee mmoja anayestaafu. Niliifungua ile orodha ya nyimbo sitini na tano na kufuta kila wimbo ambao, mtu akinijia na kuuliza unahusu nini na nani aliuimba, nisingeweza kumjibu. Zilibaki arobaini na moja. Nilizirudishia sehemu za kwanza zile nilizozikata. "Dr. Kleruu" niliuacha ubaki, "Strange Fruit" niliutoa: najua unahusu nini, na ndiyo sababu sikuweza kuuweka juu ya sahani. Arobaini na moja hazitoshi saa nne. Badala ya kujaza nafasi niliweka mapumziko matatu ya dakika kumi na tano, kama bendi, nikamwambia mwenye nyumba mapema. Alisema sawa, ila malipo yatapungua.

Pumziko la kwanza lilipofika, ndugu yake alidhani umeme umekatika. Alitoka na tochi kwenda kuangalia jenereta, taa zote zikiwa zinawaka, na wageni walibaki wakitazamana. Mimi nilikwenda jikoni kula.